Afya ya mwanafunzi wa gheto Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi. Nilisoma Moshi, nikapanga Moshi, na kazi nafanyia hapahapa. Kila mwaka, wanafunzi wapya wakisharipoti, naalikwa kuzungumza nao kuhusu afya: wa chuo cha Ushirika, wa Mwenge, wa KCMC, mara nyingine hata wa Mweka wanateremka. Kila mara narudi nyumbani na vikaratasi vya maswali mkobani, maana wengi wanaona haya kuuliza mbele za watu. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi mwaka hadi mwaka, na nimeyajibu kama ninavyomjibu mdogo wangu wa tumbo moja.

Dada, tumekuja kusikia habari za afya. Mbona unaanza na hela?

Kwa sababu sijawahi kukutana na mwanafunzi wa chuo asiyejua kwamba mboga ni nzuri. Makundi ya chakula mlifundishwa shule ya msingi. Kinachowaangusha ni kalenda.

Tazama hesabu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, posho ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ni Sh 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Haiji kila siku asubuhi, inakuja kwa mkupuo. Bumu, yaani mkupuo huo, la siku 60 ni laki sita zinazoingia siku moja kwenye simu au akaunti ya kijana wa miaka 20 ambaye huenda hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe. Wiki ya kwanza ni kuku, nguo za Kiborloni, madeni ya wiki zilizopita, na kumtumia mama kidogo (hilo la mama silipingi). Wiki ya nne anaanza kuhesabu. Wiki ya saba anakunywa maji na kulala mapema ili njaa isimkute macho.

Kwa hiyo tabia yoyote ya kiafya unayotaka kuianza naipima kwa swali moja: wiki ya nane, bumu likiwa limekata, utaweza kuiendeleza? Kama jibu ni hapana, tutafute nyingine. Ndiyo maana sikwambii ununue unga wa protini wala ulipie gym miezi mitatu.

Siku bumu linapoingia, kabla hujapita popote, lipa kodi, halafu nenda sokoni ununue vitu vikavu vya siku zote 60: unga wa sembe au dona, mchele, maharage, dagaa, ulezi, mafuta, chumvi. Jaza gesi kwenye mtungi wako wa kilo 6. Baada ya hapo hata ukifanya makosa na hela iliyobaki, na utafanya, hutalala njaa. Asiye na mkopo naye ana siku yake ya mkupuo: siku nyumbani wametuma. Kanuni ni ileile.

Pasi ndefu ina ubaya gani, kama nikifika jioni nashiba vizuri?

Kupiga pasi ndefu, yaani kula saa tisa mlo mmoja unaobeba chai, chakula cha mchana na wakati mwingine cha usiku, ni jambo ambalo karibu kila mwanafunzi amelifanya. Nami nililifanya. Mwili hautakufa kwa siku moja wala mbili. Shida ni inapokuwa ratiba. Asubuhi uko kwenye mhadhara macho yapo, akili haipo. Saa tisa unakula kwa pupa kiasi cha watu wawili, tena wanga mtupu kwa sababu ndio unaojaza haraka. Jioni, badala ya msuli, yaani kusoma, usingizi.

Ukiweza kitu kimoja tu, weka uji asubuhi. Uji wa ulezi hauhitaji ufundi, ulezi una madini mengi ya chokaa kwa ajili ya mifupa, na kilo moja inakwenda siku nyingi. Mtungi wa gesi haujui tofauti kati ya uji na chai ya rangi na andazi, muda ni uleule. Tumbo linajua.

Sokoni nashangaa tu. Ninunue nini cha bei nafuu chenye maana?

Hapo mmebahatika kuja kusoma mkoa huu, na huwa naumia nikiona mwanafunzi anaishi Moshi kama vile yuko jangwani. Akina mama wanateremka na ndizi kutoka Kibosho, Uru na Marangu kila siku. Parachichi msimu wake ukifika linauzwa bei ya pipi. Nenda Mbuyuni au soko la Kati jioni, wauzaji wanapoanza kukusanya virago, mafungu ya mboga yanaongezwa bila hata kuombwa.

Anza na maharage. Ndiyo nyama ya mwanafunzi. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, uchemshe kwa maji mapya. Yanaiva haraka na gesi inabaki. Chemsha ya siku mbili, siku ya kwanza na wali, ya pili na ugali. Usiyaache wazi mezani usiku kucha wakati wa joto la Februari. Yapashe moto hadi yachemke, yafunike, na asubuhi yachemshe tena kabla ya kula.

Dagaa wana protini na madini ya chokaa kwa pamoja, hawahitaji friji, na konzi moja inabadilisha sufuria nzima. Mboga chukua mchicha, mnafu, matembele, majani ya maboga. Mnafu una uchungu kidogo, wengine wanaukwepa, lakini ukiuchanganya na mchicha na nyanya utauzoea. Matunda fuata msimu: embe, ndizi mbivu, papai, chungwa, chochote kilichojaa barabarani wiki hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na watu wakisikia hivyo wanaogopa. Ni parachichi kubwa moja, ndizi mbivu moja na bakuli la mchicha.

Kwenye vyakula vya wenyeji, jifunze ng'ande, yaani makande ya kwetu, jifunze kiburu cha ndizi na maharage, na siku mkiwa na nyama robo, pikeni machalari. Mtori mnaufahamu kama chakula cha mzazi, lakini ni chakula cha mtu yeyote aliyedhoofu, ukiwemo wewe baada ya wiki mbili za mitihani. Neno moja la tahadhari: punguzeni magadi. Yanalainisha maharage, ni kweli, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini za kundi B, yanaongeza chumvi mwilini, na magadi ya ukanda wetu yana floraidi nyingi, ile inayobadilisha meno ya watoto kuwa ya kahawia. Maharage yaliyolowekwa hayahitaji magadi.

Niache zege kabisa?

Hapana. Zege, yaani chipsi mayai, moja kwa wiki, na kachumbari ya kutosha, sina ugomvi nayo; mayai yale ni chakula. Ninachokikataa ni zege ya kila usiku, iliyokaangwa kwenye mafuta yaliyokuwa meusi tangu jana yake. Angalia karai kabla ya kuagiza. Mafuta yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi, pita kibanda cha pili. Na chumvi iliyo mezani iache mezani, chipsi zimeshatiwa.

Nina vidonda vya tumbo. Nimeambiwa ni kwa sababu ya maharage na mawazo. Ni kweli?

Swali hili nalipata kuliko yote, kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa kirefu.

Miaka mingi dunia nzima iliamini hivyo: mawazo, pilipili, uchachu. Halafu madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakaonyesha kwamba vidonda vingi vinaletwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori anayeishi kwenye ukuta wa tumbo. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa mchanganyiko wenye bakteria hao mwenyewe, tumbo likamuuma kweli. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Chanzo cha pili kikubwa ni dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Na hapa ndipo ninapowahurumia: mwanafunzi anaumwa kichwa kwa sababu hajala wala hajalala, ananunua diklofenaki dukani bila kuandikiwa, anameza na tumbo tupu, kesho tena, keshokutwa tena. Baada ya mwezi anakuja ameshika chembe ya moyo.

Yalinikuta. Mwaka wa pili nilikuwa namaliza pakiti ya vidonge kwa wiki mbili, nikienda mhadhara nimekunywa chai ya rangi tu. Siku moja nikatapika kitu cheusi kama makapi ya kahawa. Kama hujui, hiyo ni damu iliyokaa tumboni, na ukiiona, au ukipata choo cheusi kama lami, usisubiri asubuhi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa ushauri. Kwanza, pima kabla ya kutibu. Kipimo cha damu cha haraka kinachofanywa madukani kinaonyesha kama uliwahi kuambukizwa. Hakiwezi kutofautisha bakteria wa leo na wa miaka mitatu iliyopita, na kinaweza kuendelea kuonyesha hata baada ya kupona. Ndiyo maana kuna watu wametibiwa mara nne. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho kinachojibu swali la leo. Pili, ukianzishiwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, maliza dozi yote hata maumivu yakiisha siku ya tatu. Tatu, kichwa kikiuma, kula, kunywa maji, pumzika. Ikishindikana, paracetamol haina madhara yaleyale kwa tumbo, ili mradi usizidishe kipimo. Na maharage? Hayaleti vidonda. Kama yanakujaza gesi, hapo dawa ni kuyaloweka.

Mawazo yanayazidisha maumivu, hilo sikatai. Lakini ukiamini ni mawazo tu, bakteria anabaki palepale.

Nachoka sana, nikisimama macho yanaona giza. Ni uvivu?

Dada zangu hasa, pimeni damu. Hedhi nzito ya kila mwezi pamoja na chakula cha wanga mtupu vinapunguza madini ya chuma, na uchovu wake unafanana kabisa na uvivu. Maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za kijani vinasaidia. Lakini kuna tabia moja yetu inayotuharibia: chai ya rangi pamoja na chakula. Majani ya chai yanazuia mwili kuchukua chuma kutoka kwenye maharage na mboga. Kula kwanza, chai ije baada ya saa moja. Weka chungwa, limao au nyanya mbichi kwenye mlo, vitamini C inafanya kazi kinyume cha chai.

Maji ya bomba ya Moshi nasikia ni safi. Niyanywe tu?

Yanatoka chemchemi za mlima na yana sifa nzuri. Lakini kati ya chemchemi na kikombe chako kuna bomba la mwenye nyumba, tangi lake na ndoo yako. Chemsha, weka kwenye chombo chenye mfuniko na koki, beba chupa yako darasani.

Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 na zaidi, kama vijiko vinane au tisa vya chai. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima kwa siku ni chini ya gramu 50, na ni bora zaidi chini ya 25. Soda moja imeshapita hiyo 25.

UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inakaribia. Nikeshe na kahawa au na kinywaji cha kuongeza nguvu?

Lala. Najua silo jibu ulilotaka.

Ubongo unapanga ulichosoma wakati umelala. Ukisoma kwa muda wa saa kumi kwenye kimbweta ukalala saa mbili tu, ni kama kumwaga maji kwenye ndoo isiyo na kitako. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kahawa ni ya kwetu na sitaikashifu, lakini nusu ya kafeini bado inakuwa mwilini baada ya kama saa tano. Kikombe cha saa kumi na moja jioni, nusu yake bado iko damuni saa nne usiku. Basi kunywa asubuhi, mwisho saa nane mchana. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini ileile na sukari juu yake. Wanaokunywa makopo matatu usiku mmoja nimewapokea moyo ukidunda kama ngoma, mikono ikitetemeka, na mtihani wameukosa.

Wanaofaulu bila kukesha wana siri moja isiyovutia: wanapitia somo siku lilipofundishwa, nusu saa, kila siku. Sapu nyingi, yaani mitihani ya kurudia, ninazozisikia zilianza wiki ya pili ya muhula, siyo usiku wa mwisho.

Sina hela ya gym. Mazoezi nifanyie wapi?

Miguuni. Kinachoshauriwa kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa haraka lakini bado uweze kuongea, pamoja na siku mbili za mazoezi ya misuli. Ukitembea kwa kasi dakika 15 kwenda chuo na 15 kurudi, siku tano, umefika 150 bila kuvaa raba, na hela ya bodaboda imebaki. Misuli unaijenga kwa pushapu na kuchuchumaa chumbani.

Anayependa kukimbia, njia za Shanty Town zenye miti ni nzuri alfajiri, na msitu wa Rau na mivule yake uko pembezoni mwa mji. Nendeni kwa kundi, hasa wasichana. Giza la saa kumi na moja alfajiri si la mtu mmoja. Na tunazo mbio za Kilimanjaro Marathon tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, zinazoanzia na kumalizikia Ushirika. Kuna kilomita 42, 21 na 5. Chukua ile 5 kama lengo, anza mazoezi Desemba. Nimeona watu wasiowahi kukimbia hata kuwahi daladala wakimaliza wakilia kwa furaha.

Kwetu mbege ni mila. Unatuambia tuiache?

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwenye sherehe ya ukoo, mbele ya wazee, ina mipaka yake yenyewe: inanywewa taratibu, mchana, watu wanakula. Pombe ya wanafunzi haina mzee wa kukuangalia. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, vikaja vichupa vidogo, na kijana anamaliza viwili kabla hajala. Usinywe na njaa, usipande bodaboda umelewa, gongo usiiguse kabisa kwa sababu hujui imetiwa nini na sumu yake inaweza kupofusha. Na asiyekunywa asisumbuliwe. Kumbembeleza mtu mara tatu "onja tu" siyo urafiki.

P2 nikimeza mara kwa mara sitazaa? Na nikishindwa kutumia kondomu nifanye nini?

P2 haiharibu kizazi, hilo ni uvumi. Lakini ni dawa ya dharura ya kuzuia mimba, inafanya kazi vizuri zaidi ukiimeza mapema, ndani ya saa 72, na kama njia ya kila wiki ni dhaifu kuliko sindano, kijiti au vidonge vya kila siku, mbali na kuvuruga hedhi. Kliniki za uzazi wa mpango hazimuulizi mtu cheti cha ndoa.

P2 haizuii Virusi vya Ukimwi. Kondomu ikipasuka, au ukilazimishwa, kuna dawa za PEP, za kuzuia virusi hivyo baada ya tukio: zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, na kumezwa siku 28. Nenda hospitali usiku huohuo. Aliyelazimishwa asioge kwanza kama anaweza kuvumilia, na aende na mtu anayemwamini. Hutakaripiwa nikiwa zamu, na ukikaripiwa na yeyote, omba mhudumu mwingine, usiondoke bila dawa.

Mkiwa na nafasi, pimeni pia homa ya ini B. Ukiwa huna, kuna chanjo ya dozi tatu ndani ya miezi sita.

Rafiki yangu amejifungia chumbani wiki ya pili. Anasema yuko sawa.

Gonga. Ingia na chakula, siyo na mahubiri. Kaa. Muulize analala vipi, anakula nini, mara ya mwisho kwenda darasani ni lini. Kisha muulize wazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunamfungulia mlango. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, wala usiahidi kumtunzia siri. Mpelekeni kwa mshauri wa wanafunzi au moja kwa moja hospitali. Mawenzi na KCMC zote zinahudumia wagonjwa wa afya ya akili. Wengi ninaowaona wamebeba jambo moja ambalo hawajamwambia mtu: ada haijalipwa, amepata disko, yaani ameondolewa chuo kwa kufeli, na nyumbani hawajui, ana mimba. Likishatamkwa mbele ya mtu asiyepiga yowe, linapungua uzito.

Usiku wa Julai ni baridi. Naweza kuingiza jiko la mkaa chumbani?

Usithubutu. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu analala na haamki. Pikia nje, acha jiko nje, nunua blanketi la mtumba. Neti pia ining'inie mwaka mzima, hasa mliopanga upande wa chini karibu na mashamba ya mpunga.

Bima ya nini, mimi siumwi?

Ada ya NHIF kwa mwanafunzi tuliyoizoea ni Sh 50,400 kwa mwaka. Usiku mmoja wa kulazwa unaweza kuzidi hapo. Chukua kadi yako, usiiache ofisini muhula mzima.

Mimi ni CR, mwakilishi wa darasa, nawapenda wenzangu, lakini nikiongea habari za afya wananiona mlokole. Nifanyeje?

Acha kuongea, anzisha chungu.

Nilivyopona tumbo lile, aliyeniponya sana ni mwenzangu wa chumba. Hakunipa somo. Alikuja akasema, "Sisi watatu tumeamua kupika pamoja, tunatafuta wa nne." Siku bumu lilipoingia kila mmoja alitoa kiasi kilekile, tukanunua vitu vya miezi miwili kwa mara moja. Mmoja wetu hakuwa na mkopo. Kwao ni Kibosho, akawa analeta mkungu wa ndizi na mboga kila anapokwenda nyumbani mwisho wa wiki, na hakuna aliyemhesabia pungufu. Tulipika kwa zamu, anayepika haoshi vyombo. Sheria ilikuwa moja: saa moja na nusu usiku chakula kipo, asiyekuwepo anabakiziwa. Muhula huo sikumeza kidonge hata kimoja cha kichwa.

Chungu kinafanya mambo mengi kwa mpigo. Hela inatosha zaidi, kwa sababu gesi moja inapikia watu wanne. Pasi ndefu inakufa. Mtu akikosekana mezani siku mbili, kuna wanaouliza yuko wapi, na yule wa kujifungia chumbani anaonekana mapema. Na wiki ya nane, aliyeishiwa anabebwa na wenzake.

Kwa darasa zima, anza na vitu vinavyofanyika bila hotuba. Vikao vya darasa wekeni ndizi mbivu na maji badala ya soda na biskuti, bei haizidi. Jumamosi asubuhi mtangaze matembezi, siyo mbio; mbio zinawatisha walio wazito. Na kemea kwa dhati utani wa miili. Kumwita mwenzako bonge au kijiti hakujawahi kumfanya mtu ale vizuri. Kunamfanya ale kwa kujificha, au anunue chai za kupunguza uzito mitandaoni zinazomharisha hadi anaishiwa maji. Ukiwa na watu watano wanaofanya, wengine watakuja wenyewe wakisikia harufu ya chakula.

Dada, leo nina elfu mbili tu na bumu bado wiki moja. Nifanye nini sasa hivi?

Usinunue soda na andazi. Nunua maharage robo, unga nusu, fungu la mchicha, na nyanya mbili chenji ikibaki. Loweka maharage sasa, yatakuwa tayari kupikwa usiku. Kisha gonga mlango wa jirani ambaye naye hana kitu. Yeye huenda ana mafuta na gesi, au dagaa wa nyumbani, au chumvi. Unganisheni. Kesho asubuhi mwone mlezi wenu wa chuo, au mchungaji, padri, imamu wa eneo lako, umweleze kwamba huna chakula cha wiki hii. Useme hivyohivyo, bila kuzunguka.